Skuta inapovuma nyuma: kutafuta chanzo cha mlio na kuijenga upya gia ya mwisho

Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, skuta ni chache. Motari wetu huendesha pikipiki za mnyororo, na kwa hiyo fundi wa kando ya barabara, awe wa Majengo au wa Ndosho, anaujua mnyororo na spoketi zake kama anavyoijua njia ya kwenda kwake. Skuta haina mnyororo. Nguvu ya injini hupita kwenye mkanda wa mpira uliofunikwa upande wa kushoto, hufika kwenye klachi ya nyuma, kisha huingia katika sanduku dogo la alumini lililoshikana na gurudumu, ambamo jozi mbili za gia hupunguza mwendo na kuongeza nguvu kabla ya kuifikisha kwenye ekseli. Sanduku hilo ndilo ninaloliita hapa gia ya mwisho. Kwa kuwa halionekani, mwenye skuta iliyotumika hulikumbuka siku linapoanza kulia, na fundi asiyelizoea hulifungua kabla ya kulisikiliza.

Maelezo haya yanahusu skuta za cc 125 na 150 zenye injini ya aina ya GY6, ambayo viwanda vingi vya China na Taiwan huitengeneza, lakini skuta nyingine nyingi za mkanda zina mpangilio huohuo. Ninachotaka msomaji ashike tangu mwanzo ni kwamba meno ya gia ndiyo huharibika mwisho. Mafuta hutangulia kuharibika au kupungua, kisha sili, kisha beringi, na gia huumia kwa sababu mojawapo ya hizo tatu iliachwa muda mrefu. Mtu anayekuambia ununue gia mpya kabla hajatazama mafuta wala kipumulio, yaani mrija wa kutolea hewa ya sanduku, hajaanza kazi bado.

Ndani ya sanduku kuna shafti tatu. Ya kwanza hutoka kwenye klachi na ina gia ndogo. Ya kati ina gia kubwa na gia ndogo zilizoshikana. Ya tatu ni ekseli yenyewe, yenye gia kubwa, ambayo mwisho wake una meno madogo yanayolishika gurudumu. Kila shafti hubebwa na beringi, na mahali shafti ya kwanza na ekseli zinapotoka nje ya sanduku pana sili za kuzuia mafuta. Ukienda kununua vipuri Birere, usitaje beringi na sili ukashangaa kwamba hueleweki; taja roulement na joint spi, maana wauzaji wetu wanajua majina ya Kifaransa, na chukua kile cha zamani mkononi ili namba zake zizungumze kwa niaba yako.

Mlio unafuata nini?

Kabla ya kununua chochote, jua kama mlio unafuata gurudumu au unafuata injini. Skuta inatoa njia nzuri ya kulijua hilo kwa sababu klachi yake hushika yenyewe mzunguko unapoongezeka. Injini ikinguruma taratibu skuta ikiwa imesimama, mkanda na puli zote mbili huzunguka, lakini bakuli la klachi, gia na gurudumu hutulia. Ukizima injini na kulizungusha gurudumu kwa mkono, mambo hugeuka: gia zote na bakuli la klachi huzunguka, huku mkanda na puli vikiwa vimetulia. Majaribio hayo mawili, ambayo hayahitaji hata spana moja, hutenganisha nusu ya matatizo yote.

Simamisha skuta kwenye stendi ya kati, washa injini, shika breki ya nyuma ili gurudumu lisizunguke, usikilize. Mlio unaosikika katika hali hii hautoki kwenye gia ya mwisho. Ukitoka nyuma, na ukipotea mara tu klachi inaposhika na skuta kuanza kwenda, mshukiwa wa kwanza ni beringi zilizo ndani ya puli ya nyuma. Puli hiyo huzunguka juu ya shafti ya kwanza wakati shafti imesimama, hivyo beringi zake hufanya kazi injini ikiwa taratibu. Klachi ikishashika, puli na shafti huzunguka pamoja, na beringi hizo hazina tena kazi. Nimeona watu wakifungua gia nzima kwa ajili ya mlio huu, wakabadilisha kila kitu kilichokuwa kizima, na mlio ukabaki pale pale.

Sasa zima injini, achia breki, na uzungushe gurudumu kwa mkono kwa nguvu. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye sanduku la gia, karibu na ekseli, na sikio lako kwenye mpini wake. Kisha hamisha ncha hadi karibu na shafti ya kwanza. Beringi nzima hutoa sauti laini ya mafuta. Beringi iliyokufa hukoroma kama mchanga kwenye sahani, na ukoromaji huo huwa mkubwa zaidi pale beringi yenyewe ilipo. Ukisikia msuguano unaokuja na kupotea kila mzunguko, legeza kwanza breki, kwa sababu drami ya breki isiyo duara kamili husugua kwa namna hiyohiyo.

Jaribio la tatu hufanywa barabarani, kwenye mteremko usio na magari. Zima injini kwa kitufe, lakini acha ufunguo mahali pake ili usukani usijifunge, kisha teremka. Mvumo ukiendelea kupanda na kushuka pamoja na mwendo, chanzo ni gia ya mwisho, gurudumu au tairi. Tairi hujitambulisha kwa kubadilisha sauti kila barabara inapobadilika, kutoka lami kwenda mawe ya volkano. Beringi haibadilishi sauti kwa ajili ya barabara. Mlio mwembamba unaosikika unapovuta gesi na kunyamaza unapoiachia ni wa meno ya gia. Mlio wa kugonga unaopiga mara moja kila gurudumu linapomaliza mzunguko unaonyesha jino lililovunjika kwenye gia ya ekseli. Ukipiga mara kadhaa katika mzunguko mmoja, tafuta kwenye shafti ya kati.

Mama mmoja anayeuza vitenge alinijia na skuta ya 125 akasema, “Papa fundi, iko inalia huku nyuma kama ndege inataka kuruka.” Nilimwomba apande, nami nikatembea kando yake hatua ishirini, kisha nikamuuliza amekuwa akipakia nini. Alikuwa akipakia marobota mawili nyuma, kila siku, kutoka Birere hadi Kyeshero. Katika skuta nyingi gurudumu la nyuma linashikwa upande mmoja tu, upande wa sanduku la gia, hivyo uzito wote wa mzigo hukaa juu ya beringi ya ekseli kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja ulionyooshwa. Skuta nyingi za 150 zina mkono wa pili upande wa kulia, wenye beringi yake, na beringi hiyo ikifa mzigo wote hurudi kwenye ile ya kushoto. Tulipoitoa ya huyu mama, kuiosha na kuidondoshea tone la mafuta mepesi, niliishika pete ya ndani kwa kidole kimoja na kuizungusha polepole iwezekanavyo. Ilikuwa ikikwama na kuachia, ikikwama na kuachia, na kwenye njia ya mipira palionekana vidimbwi vidogo vya kijivu, kila kimoja kikubwa kama punje ya mtama. Meno ya gia zake yalikuwa mazima kabisa. Alikuwa ameshaambiwa kwingine anunue seti nzima.

Gurudumu linalochezacheza

Skuta ikiwa kwenye stendi, shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Ikiwa kuna mchezo, tazama nafasi iliyo kati ya gurudumu na sanduku la gia wakati mwenzako anatikisa. Nafasi hiyo ikifunguka na kufunga, sababu ni nati ya ekseli iliyolegea au beringi ya ekseli. Ikiwa gurudumu na sanduku vinakwenda pamoja na injini yote inayumba, beringi haina kosa. Tazama mipira inayoshikilia injini kwenye fremu.

Mchezo wa kwenda mbele na nyuma, ule unaofanya skuta ipige kishindo unapoanza kuondoka, unahitaji chokaa au rangi ya kucha. Chora mstari mmoja unaokatiza mwisho wa ekseli na kitovu cha gurudumu, kisha sukuma tairi mbele na nyuma. Kitovu kikisogea huku ekseli imetulia, meno madogo ya kitovu yamelika, na mara nyingi ni kwa sababu nati iliendeshwa ikiwa imelegea. Katika skuta nyingi kitovu ni cha alumini na ekseli ni chuma kigumu, kwa hiyo rimu yenye kitovu hicho ndiyo inayokufa. Ibadilishe, maana kujaza kwa gundi au vipande vya kopo ni kumtegea mtu ajali. Ikiwa vyote viwili vinasogea pamoja kidogo kabla ya kugonga, hiyo ni nafasi ya kawaida kati ya meno ya gia, na kidogo chake ni lazima kiwepo.

Mafuta yanayovuja, na kipumulio kinachosahauliwa

Mafuta hutoka gia ya mwisho kwa njia chache zinazojulikana. Yakilowesha drami ya breki na upande wa ndani wa rimu, yanapita sili ya ekseli. Hili ni tatizo la usalama kabla ya kuwa tatizo la gia, kwa kuwa viatu vya breki vilivyonyonya mafuta havishiki tena, na kuviosha kwa esanse (petroli) hakuvirudishi. Vibadilishwe pamoja na sili. Mafuta yakipatikana ndani ya kifuniko cha mkanda, mkanda hutereza, na hapo lazima ujue yametoka mbele au nyuma. Mbele, nyuma ya puli ya kwanza, kuna sili ya injini. Nyuma, chini ya klachi, kuna sili ya shafti ya kwanza ya gia. Weka tone kwenye vidole na unuse: mafuta ya gia yana harufu ya kiberiti, ile tunayoijua sisi wa Goma siku upepo unapoleta moshi wa volkano ya Nyiragongo, na mafuta ya injini hayana harufu hiyo. Mvujo kwenye mshono wa sanduku ni wa gasketi au wa boliti zilizokazwa upande mmoja. Mvujo chini kabisa ni wa boliti ya kumwagia, ambayo nyuzi zake katika alumini huharibiwa na fundi mwenye mkono mzito.

Ila kabla ya kuilaumu sili yoyote, tafuta kipumulio. Nilipata somo hili kwa gharama yangu. Skuta yangu ya kwanza, niliyoinunua Katindo ikiwa imetumika, ilikuwa ikilowesha breki ya nyuma, na gereji niliyoipeleka ilibadilisha sili ya ekseli mara tatu katika miezi mitano. Kila mara ilikauka wiki chache, kisha ikaanza tena, nami nikalipa tena. Mwishowe nililala chini yake mwenyewe nikaufuata mrija mwembamba wa mpira unaotoka juu ya sanduku la gia, nikaukuta mwisho wake umezibwa na tope jeusi lililokauka likawa gumu kama sementi. Sanduku likipata moto, hewa iliyo ndani hutanuka. Ikikosa pa kutokea kwenye kipumulio, husukuma mafuta kupitia mdomo wa sili, hata kama sili ni mpya na imewekwa vizuri. Niliutoboa kwa spoku ya baiskeli, nikauosha, nikaweka sili ya nne, na hiyo ilikaa muda wote niliokuwa na skuta ile. Mpaka leo, skuta yoyote inayovuja ikiletwa kwangu, mimi huvuta mrija huo na kuupuliza kwa mdomo kabla ya kushika spana.

Mafuta yaliyozidi hufanya kosa lilelile. Skuta nyingi za aina hii huchukua kati ya mililita 100 na 200 tu, na mara nyingi kiasi chenyewe kimeandikwa kwenye alumini karibu na boliti ya kujazia. Watu waliozoea kumimina lita nzima kwenye injini huona aibu kuweka kiasi kidogo kama hicho, wakaongeza. Mimina mafuta ya gia ya 80W-90 au 85W-90 kwa sindano kubwa ya famasi, skuta ikiwa kwenye stendi ya kati mahali tambarare, na uache yanapofika kwenye ukingo wa tundu la kupimia.

Mafuta ya zamani yana habari

Yamwage yakiwa ya moto kidogo kwenye sahani nyeupe, uyatazame juani. Yakiwa meusi lakini laini, yamechoka tu. Yakifanana na chai ya maziwa, maji yameingia, na kwetu maji huingia kwa njia mbili: kuvuka madimbwi wakati wa mvua, na kuosha skuta kwa bomba la nguvu linaloelekezwa kwenye kitovu na kipumulio. Katika hali hiyo jaza mafuta mapya ya bei nafuu, endesha dakika tano, yamwage, rudia mpaka yatoke safi, kisha weka yale mazuri. Usijaze mazuti (dizeli) ukaendesha, kwa sababu haiwezi kulinda meno ya gia chini ya mzigo. Unga wa kijivu unaong'aa kama rangi, ukiwa kidogo, ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu, vinavyochoma kidole, si vya kawaida, na sanduku hilo lifunguliwe kabla skuta haijaenda tena barabarani. Yakitoka mafuta yaliyochanganyika na mchanga mweusi, ujue sili imekwisha siku nyingi, maana vumbi la lava, ambalo tunalo kila mahali tangu mkondo wa Januari 2002 ulipopita katikati ya mji hadi ziwani, ni kali kama kioo kilichosagwa na hula mdomo wa sili na uso wa shafti kwa pamoja.

Injini inanguruma, skuta haiendi

Hapa usianze na gia. Fungua kifuniko cha mkanda: mara nyingi utaukuta mkanda umekatika au klachi imekwisha. Ikiwa ni vizima, zungusha gurudumu kwa mkono huku ukitazama bakuli la klachi. Gurudumu likizunguka na bakuli lisipozunguka, basi ama meno ya kitovu yamenyolewa, ama gia ndani imevunjika.

Kufungua

Ukishathibitisha kwamba tatizo limo ndani, amua jambo moja: sanduku hili linafunguliwa mara moja. Beringi zote na sili zote zibadilishwe pamoja, hata zile zinazoonekana nzuri, kwa kuwa kazi ya kufikia beringi moja ni ileile ya kuzifikia zote, na beringi iliyoishi pamoja na chembe za mwenzake aliyesagika imekwisha kuonja chembe hizo.

Mwaga mafuta. Ondoa ekzosti, nati ya ekseli, gurudumu na viatu vya breki, kisha kifuniko cha mkanda, bakuli la klachi, klachi na mkanda. Legeza boliti za sanduku kwa kuzungukia, kila moja kidogo kidogo. Mfuniko ukikataa kutoka, ugonge kwa nyundo ya mbao pembeni kwenye masikio yake; usiingize bisibisi kwenye mshono, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye alumini utavuja siku zote. Kabla ya kugusa chochote ndani, piga picha kwa simu. Kwenye ncha za shafti ya kati kuna washa nyembamba, yaani pete bapa za chuma, na washa hizo hupenda kubaki zimenata kwenye mfuniko au kudondoka chini bila mtu kujua. Washa moja ikipotea, shafti itatembea kwenda na kurudi, na utapata mlio mpya mahali pa ule wa zamani.

Osha kila kitu kwa mazuti na brashi, ukaushe, kisha tazama meno ya gia moja moja mahali penye mwanga. Uso unaong'aa sawasawa ni mzuri. Vishimo vidogo kama vya ndui kwenye ubavu wa jino vinamaanisha ngozi ngumu ya chuma imeanza kubanduka, na gia hiyo haitapona. Gia hubadilishwa kwa jozi, ile ndogo pamoja na kubwa inayokutana nayo, kwa kuwa meno yaliyolika pamoja hayakubali mgeni. Hesabu meno kabla ya kununua: ikiwa, kwa mfano, gia ya meno 14 inazungusha ya meno 42, inapunguza mara 3, na jozi mpya lazima iwe na hesabu hiyohiyo. Wapo wanaobadilisha hesabu hiyo kwa makusudi ili skuta ipande vilima vya Bukavu kwa urahisi zaidi, na inawezekana, ila watakubali kupoteza mwendo kwenye barabara tambarare.

Kutoa beringi kwenye alumini hakuhitaji ubabe. Pasha sanduku moto juu ya jiko la makala, likae mbali kidogo na moto, mpaka tone la maji likidondoshwa juu yake litachemka na kupotea. Alumini hutanuka zaidi kuliko chuma, na mara nyingi ukiligeuza sanduku na kuligonga juu ya ubao beringi hudondoka yenyewe. Ile iliyo kwenye tundu lisilopenya, jaza grisi nyuma yake kupitia tundu lake la katikati, ingiza fimbo ya chuma inayobana vizuri, na uigonge: grisi itaisukuma beringi nje. Baada ya kuitoa, pitisha kidole mahali ilipokuwa imekaa. Ukipakuta pameng'arishwa kama kioo, pete ya nje ilikuwa ikizunguka ndani ya alumini, na hapo beringi mpya haitashika. Kupiga nukta kwa tindo ili kubana ni dawa ya wiki mbili. Peleka kwa fundi wa leti (mashine ya kuchonga chuma) aweke pete ya chuma, au utafute sanduku jingine.

Kununua na kurudisha

Namba ya beringi ni sentensi kamili. 6204 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje cha 47 na unene wa 14. 6203 ni 17 kwa 40 kwa 12. 6202 ni 15 kwa 35 kwa 11. Ikifuatiwa na C3, ina nafasi ya ndani kubwa kidogo kuliko kawaida, na kama ya zamani ilikuwa C3 usikubali nyingine. Beringi za ndani ya sanduku huwa wazi ili mafuta ya gia yazifikie. Ile ya mkono wa kulia, iliyo nje ya mafuta, iwe na mpira pande zote mbili, yenye alama ya 2RS. Sokoni zipo bandia zenye majina makubwa. Maandishi ya beringi halali huwa makali na yamenyooka, pete zake hazina michirizi, na ukiizungusha ikiwa kavu haikwaruzi. Sili nayo imeandikwa: 20-32-6 ni kipenyo cha shafti, cha nje na unene.

Weka beringi mpya kwenye friza saa moja au mbili, upashe sanduku moto tena, na beringi itaingia kwa kusukumwa na mkono. Ikihitaji kugongwa, kanuni haina msamaha: inapoingia kwenye sanduku, gonga pete ya nje tu, inapoingia kwenye shafti, gonga pete ya ndani tu. Ukigonga pete isiyohusika, nguvu hupita kwenye mipira, ikaacha vidimbwi, na beringi ikaanza kuvuma siku ya kwanza. Soketi kuukuu yenye kipenyo sawa na pete ni kifaa kizuri kuliko nyundo peke yake.

Sili iingie baada ya sanduku kupoa, upande wenye chemchemi ukitazama mafuta, mdomo wake ukiwa umepakwa grisi. Funga meno ya ekseli kwa mfuko mwembamba wa plastiki kabla ya kuipitisha, la sivyo yatauchana mdomo usione. Ikiwa shafti ina mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, na nafasi inaruhusu, iweke sili mpya milimita moja au mbili mbele au nyuma ya pale ilipokuwa, ili mdomo ukae juu ya chuma kisichoguswa.

Rudisha washa, gasketi mpya na mfuniko, ukaze boliti kwa msalaba katika hatua mbili au tatu, na baada ya kila hatua zungusha shafti kwa mkono. Ikiwa inakuwa nzito kadiri unavyokaza, simama na ufungue: kuna washa iliyolala vibaya au beringi ambayo haijafika mwisho. Nati ya ekseli kwa skuta nyingi za aina hii hukazwa kwa Nm (nyutoni-mita) 110 hadi 120. Asiye na spana ya kupimia anaweza kukadiria: kwenye mpini wa sentimita 30 ni kusukuma kwa nguvu ya kilo 40 hivi, na kwenye mpini wa sentimita 60 ni kilo 20. Usisahau bushi inayokaa kati ya gurudumu na beringi. Ikiachwa, gurudumu litabana siku hiyohiyo na sanduku litakuwa la moto kupita kiasi baada ya kilomita chache.

Mvumo mdogo wa siku za kwanza, kama jozi moja ya gia ni mpya, hupungua wenyewe. Mvumo wa beringi haupungui. Ukibaki baada ya kazi yote hiyo, rudia majaribio matatu ya mwanzo kwa mpangilio uleule kabla ya kufungua tena, na ukague kama shafti imepinda kwa kuiviringisha juu ya kioo cha dirisha: iliyonyooka hukaa sawasawa, iliyopinda huonyesha mwanga chini yake. Kwenye kilomita 300 za kwanza mwaga mafuta hata kama yanaonekana mapya, uyatazame kwenye sahani nyeupe, ukaze nati ya ekseli upya kwa kipimo kilekile. Baada ya hapo mimi hubadilisha kila kilomita 3,000 kwa barabara zetu, na kila ninapobadilisha huupuliza mrija wa kipumulio kwanza.